Josiah Trevorrow, Aliyefungua Ardhi ya Kaskazini

Baba yetu Josiah Trevorrow alizaliwa tarehe 9 Machi 1829 huko Redruth, Cornwall, mtoto wa tano wa mchimba bati, akasoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka tisa, kisha akaingia mgodini, na mnamo Novemba 1847 akateremka melini hapa Australia Kusini akiwa na makoti mawili, yote ya marehemu kaka yake.

Alichimba shaba Kapunda kwa miaka minne, akapata shamba, na tarehe 4 Oktoba 1853 akamwoa mama yetu, Keziah Hosking, wakajaliwa watoto sita, ambao wanne tuko hai. Ngano ilikuwa mazungumzo yake hata mezani, na mama alizoea kutoa masuke mifukoni mwake kabla ya kufua.

Mwaka 1868 wakulima walimpeleka Bungeni, na mwaka 1874, akiwa Waziri wa Ardhi, alipitisha sheria ya kugawa mashamba katika nyanda kavu za kaskazini, ingawa mpima ardhi mmoja alimwonya kwamba mvua ya huko si ya kutegemewa. Yeye aliamini kwamba ardhi ikilimwa mvua itaongezeka, akawaambia watu hivyo, nao wakahamia Wirrabie, katika nyanda hizo, na watoto wao, hadi ukame ulipoingia mwaka 1880, ukakaa miaka mitatu.

Marafiki walimsihi anyamaze mpaka uchaguzi upite. Februari 1882 alikwenda Wirrabie, akasimama katika kanisa lao, akasema, "Niliwaambia mvua itakuja. Nilikosea, na walioumia ni ninyi."

Bibi Honor Rodda, aliyekuwa amezika mume na mtoto mchanga, akamjibu, "Hatukukuita uje kutubu, mheshimiwa. Tutoe huku."

Alirudi Bungeni, akapigania sheria ya kuwaruhusu warudishe mashamba yale na kupewa mengine kusini, ikapita kwa kura mbili tu, wenzake wakamtenga, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi, lakini familia thelathini na moja zilihama. Miaka yake iliyobaki aliitumia kujaribu mbegu zinazovumilia ukame, na nyingi hazikuota.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili mwaka huu. Kila asubuhi aliuliza kama imenyesha kaskazini, na dada yetu Loveday alimjibu kwamba bado, kwa kuwa baba hakupenda kufarijiwa kwa uongo. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Julai 1893, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru Daktari Pascoe, majirani mliotukamulia ng'ombe wiki zote hizi, wabunge mliofika, hata mliompinga, na ninyi mliotoka Wirrabie, mlioomba jeneza mlibebe wenyewe. Baba, ni wao waliokuleta hapa. Pumzika kwa amani.