Nani Atamshikia Mama Birika Jiko?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi saa, pale barabara inapokata kona kuelekea shule ya msingi. Pembeni yake kuna jiko la makaa na birika kubwa la kahawa, mali ya Mama Birika, ambaye jina lake halisi wateja walishalisahau kitambo, na yeye mwenyewe ukimwita kwalo ghafla huenda asigeuke. Wenyeji wa benchi ni watatu. Kuna Fundi Saa, ambaye hufungua kibanda asubuhi kisha akakaa nje yake kutwa nzima. Kuna Mzee Gia, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma. Na kuna Shahidi, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo chini ya jua ambalo hakulishuhudia kwa macho yake mawili. Mchana, watu wa ofisini wakisharudi kazini na watoto wakiwa bado darasani, kona hupoa, na hapo ndipo midomo huchangamka.

Siku hiyo aliyeanzisha maneno ni Mama Birika, mtu asiye na mazoea ya kuomba kitu.

— Jamani, nina ombi, alisema huku akipangusa vikombe. Nataka kuanza kukimbia. Si mbali, nazunguka ukuta wa shule narudi. Mdogo wangu kanitumia programu ya watu wanaoanza. Unakimbia nguzo moja ya umeme, unatembea mbili, unakimbia tena moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nafasi yangu ndiyo hii tu, kabla mwanangu hajatoka shule. Sasa nani atanishikia jiko?

Watatu wale wakatazamana kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja kioo.

— Kukimbia? Mzee Gia akashusha kikombe. Unamkimbia nani, mwanangu?

— Simkimbii mtu, mzee. Ni mazoezi.

— Mazoezi gani tena? Asubuhi unabeba makaa, unabeba maji, unabeba mtoto na begi lake. Hayo si mazoezi?

— Hayo ni kazi, mzee. Nani atanishikia jiko?

Sababu hasa hakuwaambia. Yeye na mwanawe wanakaa ghorofa ya juu kabisa, na zamani mtoto alikuwa akimtangulia ngazini huku akimpigia kelele afanye haraka. Siku za karibuni alikuwa ameacha. Sasa wakifika kila pembe ya ngazi alisimama mwenyewe, akaegemea ukuta na kusema, "Tupumzike mama, nimechoka," na usoni hana hata tone la jasho. Mtoto wa miaka saba amejifunza kumdanganya mama yake ili asimwaibishe! Jambo hilo lilimuuma Mama Birika kuliko kama angetukanwa. Usiku alilifikiria, asubuhi alilifikiria, na alijua kwamba asipoanza sasa, mwanawe atazoea kumlea yeye kabla yeye hajamaliza kumlea.

— Mimi sikukatazi, alisema Mzee Gia kwa sauti ya mtu anayekataza. Lakini goti, Mama Birika, lina grisi yake. Unazaliwa nayo. Lori likiishiwa grisi nalipeleka gereji. Wewe ukiishiwa utakwenda gereji gani?

— Mzee unaongea mambo madogo, Fundi Saa akadakia. Tatizo ni moyo. Moyo umepewa mapigo yake, umehesabiwa, basi. Ukikaa, unayatumia polepole. Ukikimbia, unayamwaga. Mimi mtu akiniletea saa inakimbia, simpi hongera. Naifungua naitengeneza!

— Kwa hiyo wewe unayekaa hapa tangu asubuhi hutakufa? aliuliza Mama Birika.

— Nitakufa, lakini nitachelewa.

Walicheka, na hata yeye akacheka, maana Fundi Saa alikuwa na uso wa mtu anayesema kweli tupu. Kisha akarudia swali lake, safari hii taratibu, kila neno peke yake.

— Nani atanishikia jiko?

— Subiri kwanza, alisema Shahidi, na benchi zima likasogea, kwa kuwa Shahidi akisema subiri kwanza ujue chumvi inatiwa kwa koleo. Mimi nimeona. Sikusimuliwa. Mama wa watoto watatu, mtaa wa nyuma ya kibanda changu cha zamani cha kunyolea. Alianza vivi hivi, nguzo moja, nguzo mbili. Wiki ya kwanza anarudi. Ya pili anarudi kachelewa. Ya tatu miguu ikakataa kusimama.

— Ikakataa vipi?

— Ikakataa! Anapita mbele ya nyumba yake, anapunga mkono, anaendelea. Mumewe akawa anamwekea chakula dirishani, anachukua huku anakwenda. Shule zikifungwa, watoto wanasimama getini na ripoti zao, kalamu tayari. Akipita anasaini ya mkubwa. Akirudi mzunguko wa pili anasaini ya wa kati.

— Na ya mdogo? aliuliza Fundi Saa.

— Ya mdogo ilisainiwa na baba. Mvua ilinyesha.

— Hiyo naiamini, alisema Mzee Gia. Ni breki. Hakupata mafunzo ya breki.

Mama Birika akawatazama mmoja baada ya mwingine. Aliwapenda, hilo hakulificha. Mume wake alipoondoka na asirudi, hawa ndio waliokaa hapa kila siku wakinywa kahawa ambayo pengine hawakuihitaji, wakipiga soga mpaka naye akasahau kulia. Lakini leo aliwaona vizuri. Swali lake lilihitaji mtu mmoja anyanyuke kwenye ubao, na kwa watu hawa kunyanyuka lilikuwa jambo zito kuliko kuzunguka ukuta wa shule. Hasira ikamjia, halafu ikampita, akabaki na jua la mchana na muda wake uliokuwa unakatika.

— Tena mnasahau damu, Fundi Saa alikuwa akisema. Damu ni ileile. Ikishuka miguuni, kichwani kunabaki nini? Hebu niambieni, mmewahi kuona mtu anakimbia huku anabishana?

— Kweli! Sijawahi, alisema Shahidi, na kwa Shahidi huo ulikuwa ushahidi mkubwa.

Hapo Mama Birika akachukua kijiko cha chuma, akafukia makaa kwa majivu, akalisogeza birika pembeni lisichemke likakauka. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. Chini ya gauni alikuwa kavaa suruali na raba tangu asubuhi, na hakuna aliyeziona. Akaondoka.

Nguzo ya kwanza ilimshangaza kwa umbali wake. Miaka yote alikuwa akizipita nguzo hizi kama vitu vilivyobanana, kumbe kati ya moja na nyingine kuna safari. Pumzi ilimpanda, mbavu zikamkaba, na alipoigusa ile ya pili alikuwa akihema mpaka kuku wa mtu wakakimbia. Akatembea. Moyo ulimdunda masikioni, akajisemea kwamba Fundi Saa akiyasikia mapigo haya yanavyomwagika atalia. Akakimbia tena. Alipofika nyuma ya shule alisimama kabisa, mikono magotini, akageuza shingo kutazama alikotoka. Kama kuna mteja je? Kama birika limepinduka je? Miguu ilikwishaanza kurudi yenyewe, kama ilivyorudi siku zote kwa kila aliyemwita.

Darasani, ng'ambo ya ukuta, watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja, na mmojawapo bila shaka alikuwa wake. Akaelekea mbele.

Alipoikata kona ya mwisho, akatokea upande wa pili wa barabara, ulimi unamtoka na gauni limemganda mgongoni, benchi lilikuwa vilevile. Mzee Gia alikuwa amesimamisha kidole hewani.

— Sisi tunamzuia kwa sababu tunampenda, alikuwa akisema. Huyu mama ni mtu wetu. Nani atakayemwambia ukweli kama si sisi? Si ndiyo, Mama Birika?

Hakugeuka kutazama kama amejibiwa.

— Amenyamaza. Ameelewa, alisema Fundi Saa.

— Kaelewa muda mrefu, alisema Shahidi. Mimi nimemwona usoni.

Mbele ya jiko alikuwa amesimama dada mmoja mwenye kitambulisho cha kazini shingoni na chupa ya chai mkononi, mgeni wa kona hiyo. Ilionekana alishasubiri sana, maana alikuwa akihamisha uzito mguu huu mguu ule.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Mwenye kahawa yuko wapi?

Mzee Gia akanyoosha mkono kuelekea kwenye jiko, na mkono ukabaki hapo. Fundi Saa akatazama birika, akatazama aproni kwenye msumari. Shahidi akatazama huku na kule. Kwa mara ya kwanza tangu ubao ule ulazwe juu ya matofali, mmoja wao alinyanyuka kwa ajili ya jiko, naye alikuwa Mzee Gia; goti likamlia, akasimama mbele ya jiko akilitazama asijue pa kulishikia.

Mama Birika aliwaona kutoka ng'ambo. Alimwona mteja, aliona vikombe vitupu vitatu vikimngoja. Siku nyingine yoyote angevuka mbio. Lakini alikuwa amebakiza nguzo mbili za kutembea, akazitembea.