Igarashi Katsumi na Bibu Nyekundu ya Yukinosawa

Mheshimiwa mtawa mkuu wa hekalu letu, jamaa, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki leo Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, kuja kuyaweka kaburini majivu ya kaka yangu, familia inawashukuru. Ninayesoma ni Setsuyo, mdogo wake. Kaka aliniachia agizo moja tu kuhusu maandishi haya: "Setsuyo, usinipambe. Mimi nimepamba vya kutosha." Kwa hiyo mtasikia mambo kama yalivyokuwa, na kwa yale yatakayowauma, tunawaomba radhi kwa niaba yake.

Marehemu Igarashi Katsumi alizaliwa tarehe 4 Februari 1948 hapa Yanaizu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Igarashi Chuji na marehemu Mama Tami. Ilikuwa ile siku ya kurusha maharagwe ya kufukuza mashetani, na mama alipenda kusimulia kwamba mkunga aliingia chumbani akiwa na maharagwe kwenye nywele. Baba alikuwa fundi wa ng'ombe wekundu wa karatasi, hawa wanaotikisa kichwa, ambao hakuna nyumba ya kwetu yenye mtoto inayowakosa. Kaka alianza kuwapaka rangi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba alimwambia mara nyingi, "Usipake ili apendeze. Nyekundu hii ni ya kumkinga mtoto. Ukiacha mwanya nyuma ya sikio, ugonjwa utapita hapo hapo." Kaka aliyashika maneno hayo maisha yake yote, isipokuwa siku moja.

Alianza shule ya msingi hapa Yanaizu mwezi wa Aprili 1954. Siku ya kwanza mwalimu alipita akikagua kucha.

"Igarashi, nenda kanawe."

"Nimenawa, mwalimu."

"Na hii nyekundu ni nini?"

"Ng'ombe, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko, na tangu siku hiyo jina lake likawa Ng'ombe. Wapo wazee waliokaa hapa leo ambao hawajawahi kumwita kwa jina jingine. Alimaliza sekondari ya juu Aizuwakamatsu mwezi wa Machi 1966, akaenda Tokyo kusomea upigaji picha kwa miaka miwili, na Aprili 1968 akaajiriwa na jarida moja la safari.

Kazi aliipenda na kazi ilimpenda. Mhariri wake, Bwana Kuwahara, kila alipoletewa picha alikuwa na swali moja: "Nyekundu iko wapi, Igarashi? Bila nyekundu msomaji hapandi treni." Kaka akaijua nyekundu ilipo nchi nzima. Aliyajua malango ya mahekalu yanavyowaka baada ya mvua, na wiki ambayo majani ya mlima gani yanageuka, na daraja lipi limepakwa rangi upya. Mahali ambapo hapakuwa na nyekundu, aliipeleka yeye. Kwenye buti la gari lake hakukosa mwavuli mwekundu wa karatasi, na alikuwa akimwomba mpita njia yeyote amshikie.

Hivyo ndivyo alivyompata mkewe. Mwezi wa Juni 1973, Kitakata, alimwona kondakta wa basi la watalii akipumzika darajani.

"Dada, nishikie mwavuli huu, usimame pale."

"Kaka, mvua hainyeshi."

"Shika tu."

"Jua lenyewe halipo! Watu watasema nimerukwa na akili."

"Watasema umependeza."

Alisimama pale nusu saa. Tarehe 3 Novemba 1974 walifunga ndoa, tukala wali mwekundu wa maharagwe katika nyumba ya baba, na mwavuli ule ulisimamishwa mlangoni. Mkewe, Dada Fusae, alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Mwaka 1977 Mungu wa Huruma aliwajalia binti yao, Mayuko.

Sasa nafika pale ambapo kaka alisema nisipambe.

Mwezi wa Februari 1979 alipanda hadi kijiji cha Yukinosawa kutafuta picha ya theluji. Nyuma ya hekalu dogo la pale aliwakuta akina Jizo wa mawe, walinzi wa watoto waliokufa, wamejipanga, theluji imewafika magotini, kila mmoja na bibu yake shingoni, kile kitambaa cha kuzuia udenda wa mtoto, kama wanavyovalishwa na wazazi waliofiwa na watoto. Lakini bibu zile zilikuwa zimepauka. Kwenye theluji hazikuonekana kabisa. Mtawa alikuwa ameshuka mjini. Kaka alishuka pia, akanunua kitambaa kipya chekundu, akamwomba mwenye duka amkatie, akarudi, akazivua bibu za zamani na kuwafungia mpya mmoja mmoja. Hakuona vibaya. Kumvalisha Jizo nguo mpya ni thawabu, kila mtu anajua hilo, na yeye alijihesabia thawabu na picha kwa mkupuo mmoja. Zile za zamani alizikunja vizuri, na jioni akampa mwenye nyumba ya wageni azichome kwenye tanuru la kuchemshia maji. Kisha kaka akaoga maji yale.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilitolewa kwenye jalada, ikashinda tuzo, ikatengenezwa bango likabandikwa kwenye vituo vya treni.

Mwezi wa Mei mwaka huo mwanamke mmoja aliingia ofisini kwao, nguo zake za shambani, mkononi mfuko wa matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Alikuwa Bi Nemoto Kiyono wa Yukinosawa, umri wake sawa na wa kaka. Alikuwa ameliona bango akisubiri treni.

"Ni wewe uliyepiga picha hii?"

"Ni mimi, Mama." Kaka alidhani amekuja kumpongeza.

"Huyu wa tatu ni wa mwanangu, Minoru. Bibu yake iko wapi?"

"Si hiyo, Mama! Nimemvalisha mpya. Ile ilikuwa imechakaa sana, pembeni imeliwa na panya."

"Si panya. Ni yeye. Alikuwa anaota meno, akawa anaitafuna."

Minoru alifariki mwaka 1975 akiwa na miezi kumi. Ile haikuwa bibu ya kushonewa jiwe. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, yenye udenda wake. Wazee wetu wametufundisha kwamba Jizo hunusa nguo ya mtoto, na kwa harufu hiyo humtambua kule kwenye kokoto za mto wa wafu, akamfunika kwa joho lake na kumvusha.

"Picha yake sina," Bi Nemoto alisema. "Sisi tuko mbali, hakuna mpiga picha. Ile ndiyo ilikuwa picha yake. Sasa Jizo atamjuaje?"

Kaka alitazama zile persimoni mezani, akasema, "Ipo. Nimeihifadhi. Nitakuletea."

Bi Nemoto aliinama, akashukuru, akaondoka kwenda kusubiri treni yake chini ya lile bango.

Kilichofuata tulikijua miaka mingi baadaye. Kaka alichukua bibu moja kuukuu ya Mayuko, akaianika juani majira yote ya kiangazi juu ya paa la ofisi, akaichovya kwenye chai, akaikwaruza pembeni kwa kisu, kisha Oktoba akaipeleka Yukinosawa. Nyumbani Dada Fusae aliitafuta bibu ile mpaka chini ya mikeka. Bi Nemoto aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka puani, akaivuta harufu. Kisha akamfungia Jizo wake, akamwambia kaka, "Asante kwa safari ndefu."

Mwaka 1980 kaka aliacha jarida, akarudi hapa na kufungua studio karibu na kituo. Tulisikitika, hata tukamsema. Baba alimwambia, "Umetoka Tokyo kuja kupiga picha za vitambulisho?" Mwavuli hatukuuona tena. Watoto wachanga wote wa bonde hili aliwapiga picha bila malipo, na wale wa mbali aliwafuata kwa gari hata wakati wa theluji. Tulidhani ni ukarimu, tukamsifu mbele za watu, naye akiinamisha kichwa. Leo familia inaona aibu kwamba tulikaa naye meza moja miaka yote hiyo bila kumuuliza alikuwa anainamia nini.

Tarehe 4 Februari 2008 alitimiza miaka sitini. Mayuko alikuwa amemshonea kizibao chekundu na kofia yake, kama anavyovalishwa kila anayefika umri huo na kuanza maisha upya kama mtoto mchanga. Ndugu wamejaa, wali mwekundu uko mezani. Kaka akakataa kuvaa.

"Baba, vaa angalau tupige picha," Mayuko alimsihi.

"Ng'ombe anaogopa nyekundu!" rafiki yake mmoja akapiga kelele, watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kaka akasema, "Hii ni nguo ya mtoto. Kuna mtoto nilimvua yake, nikaichoma moto." Akasimulia yote, hapo hapo, wali ukapoa. Alipofika kwenye bibu ya Mayuko, Dada Fusae alisimama. Tulidhani atamfokea. Akachukua koti lake.

"Haya, tunakwenda."

"Wapi? Theluji yote hii?"

"Yule mama amesubiri miaka ishirini na tisa. Wewe unaiogopa theluji?"

Walifika kesho yake. Kaka alipiga magoti kwenye ukumbi wa Bi Nemoto, akasema yote. Bi Nemoto aliendelea kumenya figili zake.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ile bibu ilinuka sigara. Mwanangu alikuwa na miezi kumi, Igarashi. Hakuwa anavuta."

Dada Fusae alisimulia kwamba alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Na chini ya moshi nilimnusa mtoto mwingine, mzima. Nikajua una wako. Kwa hiyo nilimfungia Jizo kwa ajili ya huyo, asidhurike kwa ujinga wa baba yake. Nimemwombea kila mwezi. Anaitwa nani?"

"Mayuko," kaka alisema.

"Amekuwaje?"

"Ana miaka thelathini. Ni muuguzi."

"Basi Jizo amefanya kazi."

Kaka akaomba msamaha kwa mara nyingine. Bi Nemoto akaweka kisu chini. "Msamaha si wangu. Ni wa Minoru, umwombe mwenyewe. Wewe ndiye uliyeichoma harufu yake. Basi ukifika kule, wewe ndiye utakayemtafuta na kumpeleka kwa Jizo. Usipumzike kwanza."

Tangu mwaka ule kaka alipanda Yukinosawa kila majira ya kuchipua, kuwavalisha akina Jizo baada ya kumwomba mtawa na kuwauliza wazazi. Alimuuliza Bi Nemoto kila kitu kuhusu Minoru, kama mpiga picha anayeandaa kazi. Nywele zilipinda upande gani? Alicheka akisikia nini? Alikuwa na meno mawili ya chini, na alicheka akisikia ndoo ikigonga ukingo wa kisima. Dada Fusae alipofariki tarehe 19 Mei 2015, jina la kaka lilichongwa pembeni ya lake kwenye jiwe hili na kupakwa nyekundu, kwa kuwa yeye alikuwa bado hai. Alisema ndiyo nyekundu pekee aliyostahili, na hiyo nayo ni ya kusubiri.

Ugonjwa wa mapafu uligunduliwa Machi mwaka huu. Alitibiwa hospitali Aizuwakamatsu, na Mayuko alimuuguza kwa mikono yake. Mwezi wa Agosti Bi Nemoto alikuja kumwona.

"Usiondoke bila kuniarifu," alimwambia.

"Nitapiga simu."

"Wewe na ahadi zako!"

Kaka alicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kumtuliza kwa sababu ya kikohozi. Alifariki tarehe 28 Septemba 2023, saa nane mchana, mkono wake mikononi mwa binti yake, sisi tukiliitia jina la Buda.

Siku ya kuchoma mwili, alipokuwa amelala katika jeneza na vazi lake jeupe la safari ya mwisho, Bi Nemoto aliingia na kutoa kifuani mwake bibu mpya, nyekundu kama rangi ya baba. Binamu yetu mmoja alininong'oneza, "Nyekundu msibani, Setsuyo? Watu watasemaje?" Mayuko alimsikia, akajibu kwa sauti, "Waseme."

Bi Nemoto aliiweka juu ya mikono ya kaka iliyofungwa rozari. "Nimelala nayo tangu Agosti," alimwambia, kama anayemwagiza mtu sokoni. "Harufu yake sina tena, ila yangu ninayo. Mwanangu hakujui, atakukimbia. Mwonyeshe hii. Mtoto anamjua mama yake."

Marehemu ameacha binti, Mayuko, na mumewe Watabe Yoshiki. Mjukuu mmoja, Honoka. Mimi mdogo wake, Setsuyo. Binamu na wajomba hapa Yanaizu na Kitakata. Na watoto wengi wa bonde hili, sasa watu wazima, ambao wanayo picha ya utoto wao kwa sababu yake. Bi Nemoto Kiyono ameketi nasi mstari wa kwanza, kwa ombi la familia.

Asubuhi ya leo fundi wa mawe amekwangua nyekundu kwenye jina la kaka. Limebaki jiwe tupu, sawa na la mkewe, na mwavuli wao, tulioukuta darini kwake, tumeufungua hapa kaburini ingawa mvua hainyeshi.

Jamaa na majirani, tunapofukiza ubani, tusimwombee kaka mapumziko bado. Ana kazi moja kule kwenye kokoto. Tumwombee asikie ndoo ikigonga kisima, amwone mtoto mwenye meno mawili, ampe kilicho chake na kumfikisha kwa Jizo. Akishamfikisha, basi apumzike kwa amani.