Bega la Brashi na Fomu ya Saa Nane

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa kibanda changu cha viatu, gereji iko upande huu na bucha upande ule, na Mama Birika huweka jiko lake katikati ili kila mtu aulaumu moshi sawasawa. Hapo ndipo tunapokaa: Spea wa gereji, Kilo mwenye bucha, Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu ila alikuwa tarishi mahakamani, na mimi, wananiita Gundi. Wa tano ni Brashi, fundi rangi, shemeji yake Kilo, na siku hiyo yeye ndiye alikuwa ajenda. Miezi minne nyuma, lori la bohari ya soda lilirudi kinyumenyume bila mtu wa kuliongoza, likagonga ngazi aliyokuwa amesimama juu yake akipaka ukuta wa watu. Aliangukia bega la kulia. Sasa afisa wa bima alikuwa amemletea fomu ya malipo, na angerudi saa nane kamili kuichukua ikiwa na sahihi. Juu ya vichwa vyetu, ukutani, kulikuwa na tangazo nililoliandika mimi kwa rangi nyeusi ya soli: FUNDI RANGI AMEPONA. ANAPATIKANA HAPA. Nililipenda sana lile tangazo.

Brashi aliweka fomu juu ya benchi, akaikandamiza kwa kikombe.

Brashi: Nisaini au nisisaini? Hilo tu. Sitaki hotuba.

Hakimu: Hilo ni swali la kisheria.

Spea: Umeanza. Wewe ulikuwa unabeba mafaili, mzee.

Hakimu: Miaka kumi na tisa! Ukibeba mafaili miaka yote hiyo, yanakuingia.

Spea: Mimi nimebeba injini miaka ishirini. Mbona sijawa gari?

Tulicheka, hata Brashi, ila yeye alicheka kwa mdomo tu. Nikamwuliza wanampa kiasi gani. Akanionyesha kwa kidole pale palipoandikwa. Nikasoma, nikasoma tena, nikamrudishia.

Mimi: Hii hata ngazi mpya hununui ukabakiwa na nauli.

Brashi: Ndiyo maana nauliza.

Spea: Ngojeni niwafundishe, bima naijua. Gari likigongwa, kitu cha kwanza wanaangalia umri. Sasa Brashi ni modeli ya zamani. Watasema bega lilikuwa limeshachoka kabla ya lori.

Brashi: Kwa hiyo nilipwe kidogo kwa sababu nimezaliwa mapema?

Spea: Siyo mimi, ni utaratibu. Halafu wakikulipa kamili, bega ni lao.

Kilo: Lao kivipi?

Spea: Gari likilipiwa lote, mkweche wanachukua wao. Kwa hiyo ukidai bega zima, ujue wanaweza kuja kulichukua.

Brashi alilishika bega lake kama mtu aliyesikia mwizi uani.

Kilo: Acha kumtisha shemeji yangu. Hii hesabu ni yangu mimi. Kwangu bega na shingo haviuzwi bei moja. Bega ni sehemu ya heshima, mteja analiomba kwa jina. Sasa hao bima wameandika "jeraha la mwili." Mwili upi? Wamechanganya na utumbo humo! Lazima wapime bega peke yake.

Mimi: Na mfupa?

Kilo: Mfupa unapimwa pamoja. Mteja akibisha, nampa kisogo.

Brashi: Mimi siyo mbuzi, Kilo.

Kilo: Sijasema mbuzi. Mbuzi ungekuwa na kilo chache.

Mama Birika aliongeza kahawa huku akitikisa kichwa. Alisema birika linaelekea mwisho, kwa hiyo kama tuna la maana tuliseme mapema. Hakimu akalichukulia hilo kama mwaliko, akasimama.

Hakimu: Nyote hamjaona kesi yenyewe. Hapa hakuna kesi moja. Kuna bega, kuna ngazi, na kuna ukuta.

Brashi: Ukuta umefanya nini?

Hakimu: Ulikuwa umepakwa nusu. Mwenye ukuta alikubaliana na wewe ukuta mzima. Akija mahakamani akasema fundi aliacha kazi katikati, utajibu nini?

Brashi: Nitasema niligongwa na lori!

Hakimu: Unaona? Umekiri kwamba uliacha kazi.

Brashi: Kwa hiyo mimi ndiye mshtakiwa?

Hakimu: Mpaka hapa tulipofika, ndiyo.

Brashi aliniangalia mimi. Tangu Hakimu alipofika kwenye ukuta nilikuwa nimeshapotea njia. Nikaivuta fomu, nikaisoma kwa sauti ili angalau sote tupotee pamoja: "Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba nimepona kabisa, napokea malipo haya kwa hiari yangu, na sitadai kitu kingine chochote kwa sasa wala baadaye."

Mimi: Hapa wanasema umepona kabisa. Umepona?

Brashi: Si tangazo hilo hapo juu?

Mimi: Tangazo nimeandika mimi. Nakuuliza wewe.

Brashi: Nimepona.

Kilo: Kupona amepona. Juzi nimewatembelea, nikamkuta dada yangu anamchana nywele. Mgonjwa hachanwi nywele. Huyo anadekezwa!

Brashi aliinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshaisha.

Spea: Na afisa mwenyewe jana amelipiga picha tangazo. Alifurahi kweli.

Kilo: Nilisimama pembeni ya tangazo nikaonyesha dole gumba. Aliniambia nimetokea vizuri.

Hapo Hakimu akakaa chini, polepole. Sijawahi kumwona Hakimu akikaa kabla hajamaliza.

Hakimu: Alipiga picha tangazo?

Kilo: Na mimi.

Hakimu: Hiyo siyo picha, jamani. Huo ni ushahidi.

 Dole gumba la Kilo lilijificha mfukoni lenyewe. Mimi nilihisi uso ukipata moto, kwa sababu lile wazo la tangazo tulilitoa hapa hapa benchini, tukapongezana, tukaona tumemfanyia mwenzetu jambo.

Spea: Basi tulifute kabla ya saa nane.

Brashi: Mkilifuta nani ataniita kazini? Kuna mtu anaita fundi mgonjwa? Miezi minne sijashika kazi, jamani. Nikisema naumwa, mtaa mzima utatafuta fundi mwingine. Nikisema nimepona, bima wananimaliza. Sasa niseme nini?

 Aliinama akajifanya anatazama viatu vyake, na mimi ndiye niliyevishona, najua havikuwa na cha kutazamwa.

Hakimu: Pona kidogo.

Brashi: Kidogo vipi?

Hakimu: Afisa akija, uwe unaumwa. Akikata kona, unapona.

Spea: Na akisahau kalamu akarudi?

Hakimu: Anaumwa tena.

Kilo: Au apone bega la kushoto.

Mimi: La kushoto halikuumia!

Kilo: Ndiyo maana itakuwa rahisi kulithibitisha.

Tukaanza kusema wote kwa pamoja. Spea alikuwa anataka bega lipelekwe kwa mkaguzi huru, Kilo anataka mizani, Hakimu anataka ngazi iletwe iseme ilikuwa wapi. Brashi aligeuza uso kwa kila aliyesema, huku na huku, mpaka nikamwonea huruma. Hatukumsikia dada mmoja aliyekuwa amesimama mbele yetu na funguo mkononi, shati lake limedondokewa vumbi la chokaa. Alikuwa analisoma tangazo.

"Samahani, kaka zangu," akasema. "Fundi rangi ni nani kati yenu?"

Sote tulimwonyesha Brashi. Vidole vinne kwa mpigo.

"Afadhali. Nina kazi ndogo tu. Kuta nimeshapaka mwenyewe, imebaki dari ya chumba kimoja. Fundi, unaweza kupaka dari?"

Hakimu alisogeza kikombe chake kwa Mama Birika. Spea alianza kusoma maandishi ya kwenye ovaroli yake mwenyewe. Kilo, ambaye hajawahi kuachia swali lipite, alimwangalia shemeji yake na safari hii akamwangalia vizuri.

Brashi aliweka kikombe chini. Akapangusa kiganja cha kulia kwenye suruali, akaanza kuuinua mkono. Ulipita kiuno. Ulifika kwenye mfuko wa shati. Hapo ukaanza kutetemeka, ukasimama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na bado alikuwa anaujaribu, ameuma meno, macho yakiwa juu kana kwamba dari iko pale pale. Haukupanda hata kidole kimoja zaidi.

Nikalitazama tangazo langu. Liko juu, juu kabisa, kila mtu alione. Siku ile nilipanda kreti la soda ili nilifikie. Brashi amechora mabango ya mtaa huu miaka mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, herufi zake zimenyooka kama zimepigwa rula, na zangu zimelala upande kama visigino vilivyolika. Lakini yeye ndiye aliyenishikisha kibati changu cha rangi ya soli, akasema, "Andika wewe, Gundi. Mwandiko wako unapendeza." Nikavimba kichwa. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini fundi rangi amwombe mshona viatu amwandikie tangazo.

"Au nije kesho?" dada akauliza.

 Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hakimu, likatoa machicha. Kwenye kona ya barabara pikipiki ya afisa wa bima ilikuwa inasubiri mkokoteni upite.

Nikachukua kreti, nikaliweka chini ya ukuta. Spea alinipa tambara lake lenye petroli bila kuombwa.

"Brashi," nikasema, "nifute?"

 Aliinuka tu, akaja, akalishika kreti kwa mkono wa kushoto lisiyumbe, kama siku ile. Nikapanda. Nikasugua neno AMEPONA mpaka likabaki doa la kijivu, FUNDI RANGI upande mmoja na ANAPATIKANA HAPA chini yake, na katikati pengo. Nikageuka kuwauliza niandike nini hapo. Walikuwa wote wananitazama mimi, na pikipiki ya afisa ilishazimwa mbele ya benchi.