Maisha ya Fundi Polepole, Aliyesimamisha Magari

Ndugu, jamaa na majirani, tunashukuru kwa kuacha shughuli zenu. Mlioko juani sogeeni kivulini. Habari yenyewe si ndefu.

Marehemu mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji. Alizaliwa kimya, mpaka mkunga alipompiga kofi ndipo akalia. Mama alikuwa akisema, "Huyu hata kulia anafikiria kwanza."

Shule alianza 1966, akaishia darasa la saba. Hesabu alizipenda, kusoma kwa sauti hakukupenda. Mwalimu akimwita mbele, alitembea taratibu mpaka kengele ikalia.

Mwaka 1975 aliingia gereji ya malori nyuma ya stendi, akawekwa upande wa breki, akabaki hapo mpaka alipostaafu 2013. Jina la Fundi Polepole alipewa na madereva. Dereva akimharakisha, alimjibu, "Kwenda ni kazi ya injini, bwana. Kusimama ndiyo kazi yangu, na usiposimama hutarudi kunilaumu." Hakuna gari alilolitengeneza likashindwa kusimama. Hilo tunalisema kifua mbele.

Ila lile vumbi. Ukifungua tairi la lori, ndani ya breki kuna vumbi jepesi la kijivu. Mafundi walilitoa kwa mpira wa upepo wa kompresa. Jioni walipulizana nguo kwa mpira huohuo, wakicheka, mmoja akigeuka huku na huku kama anayepimwa suti. Wenyewe waliita kuoga. Hakuna aliyewaambia kwamba breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, na kwamba vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki.

Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa shemeji yetu, muuza vitambaa. Siku ya posa tulichelewa, maana njiani alisikia breki za gari la mjomba zinalia, akakataa kuendelea kabla hajazifungua. Akafika ukweni na mikono myeusi. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Basi hatuna haja ya kuuliza kama ana kazi." Walijaliwa watoto watatu.

Juni mwaka jana kikohozi kilimshika, hakikumwachia. Picha ya kifua ikaonyesha saratani ya mapafu. Daktari akamuuliza amevuta sigara miaka mingapi. "Hata moja sijavuta, mwanangu." Basi kazi? Akamweleza. Daktari akaweka kalamu chini. "Na huko bado wanapuliza?"

Hapo ndipo mdogo wangu alipoinua kichwa, kwa sababu kitindamimba wake, binti, ni fundi wa breki kwenye gereji hiyohiyo. Breki za aina ile bado zinapita mikononi mwake.

Alimwambia afute vumbi kwa kitambaa kibichi, asipulize. Binti akajibu, "Baba, nikilowesha mimi peke yangu, wenzangu si watanipulizia?" Kweli tupu. Kwa hiyo Februari alijikongoja mwenyewe mpaka gereji, akakaa juu ya tairi, akawaonyesha. Fundi mmoja akamtania, "Polepole, umekuja kutufundisha kufua?"

"Fueni breki," akasema, "au watoto wenu watafua mashuka ya hospitali."

Walicheka. Wiki ile walilowesha. Iliyofuata malori yalipanga foleni, upepo ukarudi. Binti alimweleza ukweli, maana baba yake hakupenda kudanganywa. Mdogo wangu akageukia ukutani, akasema, "Mimi nimechoka kuwaambia. Waambieni nyinyi."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na kaka mmoja, ndiye mimi. Yule binti anarudi kazini Jumatatu. Mwenye gereji alikuja jana kutupa pole, tukamuuliza habari ya upepo. Akasema, "Tutaangalia, mzee." Pole yake tumeipokea kwa mikono miwili. Hiyo "tutaangalia" tunamrudishia, atuletee jibu kabla ya Jumatatu.

Mungu ampumzishe mdogo wetu. Alichoka sana.