Bwana Kipimo wa Kituo cha Maziwa

Ndugu jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imemteua mpwa wa marehemu, binti mkubwa wa dada yake, awasomee maisha ya mjomba wake, na wale mnaomfahamu binti huyo mtaelewa kwa nini mwanzoni alikataa, na kwa nini leo anasoma taratibu.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Bwana Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya udongo iliyokuwa nyuma ya josho la ng'ombe, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Mama yao alifariki kabla hajamwachisha ziwa, na dada yake, ambaye mwenyewe alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, ndiye aliyembeba mgongoni akienda kukata majani, akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, hata baba yao akawa anawatania wageni kwamba mwanawe huyu ana mama wawili, ila mmoja ana pembe.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaimaliza mwaka 1966, kisha akasoma sekondari hadi mwaka 1970, na muda wote huo dada yake, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati, aliwauzia walimu maziwa kikombe kikombe mlangoni mwa ofisi yao ili mdogo wake apate sare na madaftari. Marehemu alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kucheka, na tabia hizo mbili hazikumwacha.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kuwa mpimaji katika kituo cha kukusanyia maziwa cha ushirika wetu, akafundishwa kazi asubuhi moja tu na mtangulizi wake, mtu aliyekuwa na haraka ya kuhama, kwamba kipimo cha kioo kikielea juu maziwa ni safi, kikizama kupita alama maziwa yametiwa maji, nayo yamwagwe mtaroni mbele ya mwenyewe, na atakayerudia mara tatu afutwe uanachama. Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi cherehani wa sokoni, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto watatu, mmoja wao ametangulia.

Kazi yake aliifanya kwa mkono mkavu. Hakupokea zawadi, hakuchelewa, hakumpendelea mtu, na ng'ombe wake mwenyewe alimkamua alfajiri, akayaleta maziwa kituoni na kuyaweka pembeni, kwa unyenyekevu akiyapima mwisho kabisa, wenzake wote wakishapimiwa, nayo hayakukataliwa hata siku moja. Waliokuwa wakikataliwa walikuwa karibu wote wa nyumba za hapa jirani na kituo, wakaitwa watu wa upande wa maji, na hakuna aliyejiuliza kwa nini wezi wote waishi mtaa mmoja, ila ilisemwa tu kwamba wameizoea ofisi. Wanaume waliwapiga wake zao kwa kuwashuku, wachungaji walifukuzwa bila mshahara, wachumba waligeuzwa mlangoni, na wakati huo huo wafugaji wa ng'ambo ya kilima, waliotembea mwendo mrefu na madebe yao, waliongeza ng'ombe, wakaezeka mabati, wakasomesha.

Dada yake alikuwa ameolewa katika nyumba inayopakana na ua wa kituo, akawa mjane mapema, na ng'ombe wake mmoja ndiye aliyekuwa mume, shamba na karo. Alikuwa akimaliza kukamua, anapenya kwenye uzio na kuwa wa kwanza kwenye foleni, debe likiwa bado linatoa mvuke, na mwezi wa Mei 1986 mdogo wake aliyamwaga maziwa yake kwa mara ya tatu, mbele ya watu, akalifuta jina lake. Dada yake alimwambia kwamba maji ya nyumbani kwake anayachota bondeni na kuyapandisha kwa kichwa, na mtu hawezi kuwa na wazimu wa kuyapoteza maji kama hayo kwenye maziwa. Watu wakacheka, marehemu hakucheka, akamwita anayefuata, na jioni ile alisifiwa kwenye kikao kwamba ndiye mtu wa haki, asiyejali hata damu yake.

Ng'ombe aliuzwa mwaka huo huo, mabinti wawili wakatolewa shule, na mama huyo akabandikwa jina la Mama Maji, jina aliloitikia kwa sababu mtu akiitwa kila siku hatimaye huchoka kunyamaza. Hakugombana na mdogo wake, alimpikia alipomtembelea, ila chai ya nyumba ile ikawa ya rangi tangu hapo. Alifariki tarehe 19 Novemba 2003, na marehemu ndiye aliyesoma historia yake, akasoma alipozaliwa, alipoolewa na alipougulia, habari ya maziwa akairuka.

Mwezi Julai 2005 alipelekwa mafunzoni, na afisa mifugo mmoja, msichana wa umri wa wanawe, akasema kwa kupita tu, wenzake wakipiga miayo, kwamba maziwa yenye joto la kiwele huonekana mepesi, kipimo huzama ndani yake kana kwamba yametiwa maji, hivyo lazima yaachwe yapoe kwanza. Marehemu alimwomba arudie. Aliporudi nyumbani alimkamua ng'ombe wake akapima papo hapo, kipimo kikazama, akayaacha dirishani yapoe, akapima tena, kikaelea, na mkewe alimkuta bandani amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Alisimama kwenye mkutano mkuu wa ushirika akaeleza yote, mwenyekiti akamshukuru kwa uaminifu wake na kushauri ya zamani yaachwe, wanachama wakapiga makofi, maana waliostahili kuombwa radhi hawakuwemo, walishafutwa uanachama. Akastaafu mwaka 2006, akazunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walikuwa wamekufa au wamehama, na mzee mmoja alimwambia asijisumbue, yeye alikuwa akitia maji kweli, tena mengi, na marehemu alipenda kusema kwamba huyo ndiye pekee aliyempa nafuu. Mpwa wake alimkaribisha, akamwekea chai ya rangi, akamwambia akimaliza aende. Kituo chenyewe kilifungwa mwaka 2014, sasa ni ghala la saruji, na maziwa tunanunua ya pakiti.

Marehemu aliacha kunywa maziwa. Vidonda vya tumbo vilipomwanza mwaka 2018 wauguzi walimsihi anywe hata uji wa maziwa, akageuza uso ukutani, mwaka jana ikagundulika kuwa ni saratani, na tarehe 6 Juni 2021, asubuhi, akakata roho katika hospitali ya wilaya, mkewe akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo alikuwa amemwita mpwa wake, akamwomba jambo moja, kwamba lile aliloliruka yeye siku ya kumzika dada yake lisomwe siku ya kuzikwa kwake, hadharani, watu wa pande zote wakiwepo. Hakuomba msamaha safari hiyo, na hakupewa.

Basi linasomwa. Mama yetu hakutia maji. Wala jirani zake hawakutia, isipokuwa mzee wetu yule aliyekiri mwenyewe. Maziwa yao yalikuwa safi, kosa lao lilikuwa kuishi karibu, na anayewasomea angetoa chochote aliyeitwa Mama Maji awe amekaa hapa mbele asikie, lakini hayupo, na hatujui kama maneno hufika chini ya udongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kituoni, wanaushirika, majirani wa ng'ambo ya kilima, na nyinyi wa upande huu mliokuja licha ya yote, mkasaidia kuchimba kaburi lililo ubavuni mwa la dada yake.

Pumzika, Mjomba, na amani, kama ipo huko ulikokwenda, umpe kwanza dada yako.