Unga Uliogawanywa Kasha

Mheshimiwa Bourgmestre, meya wetu, Daktari mkuu wetu, Padri, wenzangu wa kituo cha afya, na ninyi wamama wa Kasha mlioacha mashamba asubuhi hii: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na wamama kwa heshima zaidi, kwa sababu neno langu leo ni lenu.

Mmekuja kuniaga baada ya miaka thelathini na moja ya uuguzi. Daktari amenisifu kwamba katika utafiti wa unga sikuruka nyumba hata moja, wala fomu zangu hazikuwa na doa. Ni kweli, zilikuwa safi. Hapo ndipo penye aibu yangu.

Mnakumbuka tulivyoanza? Familia mia mbili zenye watoto waliokonda, karatasi ndani ya kikapu, kila mama akaokota yake. Nusu walipata unga wa soya, mahindi na mtama kwa miezi sita; nusu walipata mashauri ya lishe tu, wakingoja zamu yao. Tuliachia bahati ichague ili wenye nacho na wasio nacho wachanganyike pande zote, na watoto wa upande mmoja wakinenepa, tujue ni unga, si shamba la baba yao. Mpango ulikuwa mzuri. Nani angeulaumu?

Kila wiki niliuliza kama mtoto amekula unga wake wote. Maman Mapendo, aliyeketi pale karibu na dirisha, alinijibu ukweli: “Papa Élie, niko napika, mutoto wa Monique iko anaangalia. Nifunge mulango?” Monique, jirani yake, alikuwa ameokota karatasi ya mashauri.

Nikaandika: amekula wote. Kanuni ilisema anayegawa anaondolewa, nami nikamhurumia. Nyumba nyingine nikaandika vivyo hivyo, maana hapa kwetu nani anamlisha wake huku wa jirani anameza mate?

Tulipopima mwishoni, watoto wa pande zote walilingana. Wasomi wakasoma fomu zangu safi, wakasema unga hausaidii kitu. Wangejuaje kwamba pande zote zilikula unga uleule? Utafiti wa chakula hauingii jikoni wenyewe; unajua kile tu alichoandika aliyeingia.

Unga ukakatwa, na wale wa mashauri hawakupata zamu. Miezi mitatu baadaye tukamzika Fanny, binti wa Mapendo. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi nilificha, na kilio kikaenda nyumbani kwa mwingine.

Siku ile ya maziko Mapendo aliniuliza: “Papa, kama ule unga haukukuwa na kazi, basi si mimi nilimuua kwa kugawa?” Nikamjibu, “Hapana, maman, si wewe.” Akapumua. Leo namnyang'anya pumzi ile mbele yenu, na inaniuma sana. Mapendo, sijui kama unga wote ungemwokoa Fanny. Ndilo swali tulilotakiwa kulijibu, na mimi nililiharibu. Kosa ni langu, si la sufuria yako.

Daktari, ripoti ya mwisho unaitia sahihi Ijumaa. Usiitie. Hii hapa orodha ya nyumba sabini na moja zilizogawa, kwa mkono wangu. Cheti mlichoniandalia, kiwekeni kando kwanza.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Mtoto wa Monique yuko mgongoni mwa mama yake, pale mlangoni. Ana miaka miwili, na wiki jana alikuwa na kilo saba tu. Tumpime sasa hivi, kabla hatujagusa chakula cha sherehe.