Njia ya Nyasi Changa Hadi Mlangoni kwa Senga

Kwa miaka ishirini na tisa uwanja wetu wa nyasi wa kuviringishia matufe hapa Auchterlaw umekuwa na bosi mmoja, naye si mwenyekiti. Ni Bi Senga Haldane, mtunza nyasi, anayestaafu leo, Jumamosi tarehe 18 Aprili, siku ya kufungua msimu. Magoti yake ndiyo yaliyoomba kupumzika. Mwenyewe, tunavyomjua, angeendelea mpaka nyasi zimchoke.

Alikuja kwetu akitoka kuchunga kondoo wa baba yake, na wazee wakatania kwamba amehamia upande wa chakula cha kondoo. Hawakucheka muda mrefu. Majira ya baridi yalipoingia tu, geti lilifungwa kwa mnyororo, maana nyasi zilizoshikwa na jalidi zikikanyagwa huvunjika, kisha hufa. Mwenyekiti wetu, Bwana Cairney, alikatiza uwanjani asubuhi moja akimfuata mbwa wake. Wiki iliyofuata nyayo zake zilikuwa zimekauka rangi ya kahawia, na mpaka Machi kila mgeni alipelekwa kuziona. “Hapa alipita mheshimiwa,” Senga alikuwa akieleza. “Na hapa mbwa. Mwenye akili ni mbwa, alikimbia.”

Machi ndiyo ilikuwa vita yake ya kila mwaka. Jua likichomoza siku mbili mfululizo, watu walijaa kwenye uzio na mikoba ya matufe. “Senga, jua hilo! Tufungulie bwana!” Naye alimwita mmoja wao, akamshika mkono na kuubandika kiganja chini kwenye udongo. “Ungelala hapo wewe? Basi na mbegu hazitaki.” Tulirudi nyumbani tukipuliza vidole.

Majira haya ya baridi yalikuwa magumu kwake. Mumewe, Rab, alifariki Oktoba. Kila mwaka mpya Rab ndiye aliyetoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwa wa mbele, na kipande cha makaa ya mawe na keki mkononi, awe mtu wa kwanza kuvuka kizingiti, maana kwa mila yetu mgeni wa kwanza mwenye nywele nyeusi huleta bahati ya mwaka mzima. Safari hii hapakuwa na mtu. Kwa hiyo Wullie Tait, tarishi mstaafu, aliteuliwa kwa sababu ya nywele zake nyeusi (tusiulize zinapata wapi weusi huo), akasindikizwa na nusu ya klabu. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo makaa yalikuwepo, keki ilikuwepo, na chupa ilikuwepo.

Walipofika klabuni, ng'ambo ya uwanja kutoka nyumba ya Senga, wakaona balaa. Jirani yake Senga, kijana mwema lakini mwenye nywele nyekundu kama karoti, alikuwa anaelekea mlangoni kwake na chupa ya maziwa. Mwenye nywele nyekundu akitangulia kuingia, mwaka mzima umeharibika. “Katizeni!” akapiga kelele Tait, na wote wakatimka juu ya theluji, katikati ya uwanja. Walimpita jirani kwenye ngazi. Senga alifungua, akaona makaa, akalia, akawaingiza wote ndani. Kwa mara ya kwanza hakutazama viatu vya mtu.

Theluji iliyoshindiliwa na miguu yao ilikaa wiki nyingi. Ilipoyeyuka, chini yake palikuwa na kuvu jeupe na nyasi zilizooza, mstari mmoja kutoka mlango wa klabu hadi geti lake. Senga aliinama akaugusa kwa kiganja. Miaka yote hiyo alitaka jambo moja tu, kuukabidhi uwanja ukiwa mzima. “Msinifanyie sherehe juu ya maiti,” alituambia. Iliuma, kwa sababu tulijua tumemharibia tukimpenda.

Tait akasema atajiuzulu uanachama. “Huendi popote,” akajibiwa. “Shika reki.”

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwezi mzima wa Machi waliovuka theluji walikuna nyasi zilizokufa, wakatoboa udongo kwa uma wa bustani upate kupumua, wakamwaga mchanga. Mbegu zilisubiri hadi kiganja cha Senga kiliporidhika. Tait alikaa kila asubuhi kwenye kiti akifukuza njiwa kwa gazeti. Na wiki mbili zilizopita zikachipuka, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

Leo uwanja ni mzima. Lakini nyasi changa zina rangi kali kuliko zile kongwe, na mstari unaonekana wazi. Tait aliuliza kama kuna dawa ya kuufifisha. “Uacheni,” Senga alisema. “Rab angecheka mpaka akohoe.”

Bi Senga, tufe la kwanza la msimu utalitupa wewe, kando ya mstari huo, maana umekwishatuonya tusiukanyage hadi Mei. Asante kwa kila asubuhi ya baridi uliyoamka kwa ajili yetu. Tunakuombea magoti mepesi, chai ya moto na mapumziko marefu. Mwaka mpya ujao tutakuwa wa kwanza tena kubisha mlangoni kwako, na jirani ameahidi kulala hadi saa nne. Makaa tutabeba, keki tutabeba, na uwanja tutauzunguka.